Nyumba Zetu: Meko ya Ukutani katika Nyumba ya Mbao

Juma lililopita tulizungumza juu ya mifereji ya kukingia maji ya mvua, nami nilikuwa nimekusudia juma hili niendelee na habari za matangi. Lakini nimepokea barua ya msomaji mmoja akaaye upande wa juu wa Kutus, na kwa kuwa jambo aliulizalo haliwezi kungoja, nimeona afadhali matangi yangoje. Bwana huyu amejenga nyumba ya mbao yenye vyumba vinne, paa la mabati, na dari ya mbao nyembamba. Katika hoteli moja ya zamani ya Nyeri ameona meko yaliyojengwa ukutani, watu wameketi mbele yake wakiota moto, moshi unakwenda zake juu wala hakuna akohoaye. Naye ataka ya namna hiyo kabla ya baridi ya Juni. Fundi wake amemwambia kwamba kazi hiyo ni ya siku tatu: atapanga mstari mmoja wa matofali mbele ya ukuta wa mbao, ajenge vikuta viwili vya ubavuni, kisha apitishe bomba la bati katika dari na paa. "Je, Bwana Mwandishi," auliza, "kazi hii ni salama?"

Jibu langu ni kwamba haja yake ni njema, na meko ya ukutani yaweza kujengwa katika nyumba ya mbao yakadumu kuliko nyumba yenyewe. Lakini si kwa njia hiyo ya fundi wake. Kama matofali hayajapangwa, namwomba ayaache yakae uani kwanza mpaka atakapomaliza kusoma.

Huenda wengine wakacheka na kusema kwamba Kutus si mahali pa kuota moto. Ni kweli kwamba mji wenyewe uko chini, karibu na uwanda wa Mwea ambako jua huunguza mashamba ya mpunga, wala hauwezi kulinganishwa na Kimunye au na Nyeri. Lakini apandaye kidogo tu kuelekea Mlimani katika mwezi wa Julai, wakati ukungu umeshuka na jua halionekani siku nne, atajua kwa nini watu hutafuta moto. Na jambo wafanyalo wengi ni baya kuliko meko yoyote ya ukutani: huwasha jiko la makaa nje mpaka liwe jekundu, kisha huliingiza chumbani, hufunga mlango na madirisha, na kulala. Makaa hayo hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mtu akakosa pumzi ingali anavuta pumzi, na usingizi wake ukawa mzito hadi asiamke. Kila mwaka wa baridi twasikia habari za watu waliokutwa wamekufa hivyo, pengine mume, mke na watoto pamoja. Basi atakaye moto wenye njia yake ya kutolea hewa chafu hadi juu ya paa hataki anasa, ila amefikiri vema.

Wazee wetu walikuwa na moto ndani ya nyumba za nyasi, na aghalabu nyumba hizo hazikuungua. Mafiga matatu yaliwekwa katikati ya nyumba, mbali na ukuta kila upande. Juu yake palikuwa na itara, dari ndogo ya kukaushia kuni, na juu zaidi kilele cha paa. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa kuni mbili tatu zilizosukumwa kidogo kidogo, na daima palikuwa na mtu wa kuuangalia. Walijua jambo moja kubwa, kwamba usalama wa moto ni umbali. Sisi tulipoanza kujenga nyumba za pembe nne kwa mbao tulilisahau, tukausogeza moto mpaka ukutani.

Walowezi waliojenga nyumba za mbao za mtarakwa katika nchi za baridi za Nyeri, Naro Moru na Nanyuki hawakulisahau, maana kwao Uingereza walikwisha kufunzwa kwa hasara. Moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji wa London mwezi wa Septemba mwaka 1666 ulianzia katika nyumba ya mwoka mikate, na nyumba za mji ule zilikuwa za mbao zilizosongamana. Baada ya moto huo sheria ya mwaka 1667 iliamuru kwamba nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Kwa hiyo msomaji akipita karibu na nyumba ya zamani ya mtarakwa, na aitazame vema: ataona kwamba dohani yake ni mnara wa mawe uliosimama nje ya ukuta, juu ya msingi wake wenyewe. Ni mdomo wa meko tu uingiao chumbani. Nyumba ni ya mbao, lakini moto umekaa katika nyumba yake ya mawe, na nyumba hizo mbili ni majirani tu.

Sasa nieleze kosa la mstari mmoja wa matofali, kwa kuwa hilo ndilo kosa nionalo mara nyingi, nalo lilitaka kuniulia jamaa zangu.

Baba yangu mdogo alijenga nyumba ya mbao huko juu, karibu na mashamba ya chai. Fundi alimjengea meko ya kupendeza kwa muda wa siku nne. Matofali yaligusana na nguzo za mbao nyuma yake, na mbele pakapigwa plasta na rangi nyeupe. Kwa misimu mitano ya baridi waliota moto humo bila shida, na wageni wakasifu. Mwaka wa sita mama mdogo alianza kusema kwamba usiku asikia harufu, kama ya mahindi yaliyosahauliwa motoni. Aliambiwa ni ndoto. Aliposema mara ya tatu, baba mdogo alikasirika, akabandua ubao mmoja kwa upande wa nje ili amwonyeshe kwamba hakuna kitu. Nguzo iliyokuwa nyuma ya ubao ilikuwa nyeusi kutoka sakafuni hadi kifuani mwa mtu. Kisu kiliingia ndani yake kama katika ndizi mbivu. Hakuna aliyekuwa ameona ulimi wa moto mahali pale, hata siku moja.

Yafaa kila mwenye nyumba ya mbao aelewe jambo hili. Mbao haihitaji kuguswa na ulimi wa moto ili iungue. Matofali na mawe hayazuii joto, huchelewesha tu. Moto uwashwao saa moja ya jioni hupasha tofali upande wa mbele, na joto husafiri ndani yake polepole, hata likatokea upande wa nyuma baada ya saa kadhaa, pengine wakati ambapo watu wamekwisha kulala. Mbao iliyogusana na tofali hupikwa kila usiku. Kwanza hutoka maji yake, kisha hugeuka rangi ya kahawia, kisha nyeusi, na mwisho huwa kama makaa. Mbao mpya huhitaji joto la digrii 250 au zaidi ndipo ishike moto. Lakini mbao iliyopikwa hivyo kwa miaka mingi huweza kushika kwa joto la chini ya hapo sana. Ndiyo sababu meko mabaya hayaunguzi nyumba siku ya kwanza. Huiunguza mwaka wa tano au wa kumi, baada ya mwenyewe kusema mara nyingi, "Mbona miaka yote hii hapakutokea neno?"

Basi namna iliyo njema ni ile ya dohani ya nje. Ukuta wa mbao hukatwa, na nguzo zilizokatwa huwekewa boriti ya kulala juu yake ili mzigo wa paa usikae hewani. Tundu hilo huachwa pana kuliko mawe yatakayopita. Kanuni za wajenzi wa Marekani, ambako nyumba za mbao ni nyingi kuliko za mawe, zataka mbao yoyote ikae mbali na kuta za meko kwa inchi 2 ubavuni na inchi 4 nyuma, na dohani ipitayo ndani ya nyumba iachiwe inchi 2 kila upande. Nafasi hiyo ni ya hewa tu. Hewa ikipita huchukua joto na kwenda nalo. Fundi atataka kuijaza, kwa maana mafundi hawapendi kuona tundu. Atasindika vipande vya mbao, magazeti, au takataka za randa. Mzuie! Ufa uonekanao chumbani hufunikwa kwa jiwe, kwa bati, au kwa vigae, wala si kwa ubao wa urembo. Wala mtu asichukue vipande vya asbesto kutoka katika majengo ya kale akidhani amepata kinga ya bure, kwa kuwa vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani.

Kuta za meko zenyewe ziwe nene, zisipungue inchi 8 pamoja na matofali ya kustahimili moto yapangwayo ndani, au inchi 10 kama matofali hayo hayakupatikana. Simenti ya kawaida hupoteza nguvu ikipata moto mkali kila siku. Kwa hiyo ndani ya meko tumia udongo wa kustahimili moto, na saruji iachwe kwa kazi ya nje. Kuhusu mawe, nawaonya hasa watu wa kando ya mto Thiba. Mawe ya mtoni ni mazuri kwa sura na hayana bei, lakini yamelala majini miaka isiyohesabika. Maji yaliyojificha ndani yake yakipata moto hugeuka mvuke, na jiwe laweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande mpaka walipoketi watoto. Tumieni mawe ya kuchonga ya machimbo, yaliyokauka.

Msingi nao hautaki mzaha. Dohani ya mawe ina uzito wa tani kadhaa, na nyumba ya mbao ni nyepesi. Zikijengwa juu ya msingi mmoja, moja itazama na kuivuta nyingine. Juu ya Kutus kuna udongo mwekundu ulio imara, lakini ukiteremka kuelekea Mwea waukuta udongo mweusi uvimbao wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika udongo huo dohani yaweza kuinama katika mwaka wa kwanza, na ikiinama hufanya ufa, na ufa ni mlango wa cheche kuelekea kwenye mbao. Hapo fundi hana budi kuchimba mpaka apite udongo mweusi wote, amwage zege lenye vyuma, na amngojee mwenye nyumba aje aone kwa macho yake kabla ya kulifukia.

Mbele ya mdomo wa meko pawe na sakafu ya mawe au zege, isiyolala juu ya mbao. Mdomo ukiwa mdogo kuliko futi 6 za mraba, sakafu hiyo itoke mbele inchi 16 na ubavuni inchi 8 kila upande. Ukiwa mkubwa zaidi, iwe inchi 20 na 12. Cheche haijui kwamba zulia lilikuwa la bei. Rafu ya mbao ya kuwekea picha na saa isikae chini ya inchi 12 kutoka juu ya mdomo.

Sasa habari ya moshi. Watu hudhani kwamba meko makubwa yatoa joto kubwa. Hasha. Mtu mmoja mzaliwa wa Marekani, Benjamin Thompson, ajulikanaye zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, aliyachunguza meko ya London katika miaka ya 1790, akaona kwamba koo zake zilikuwa pana mno, hata joto lote likapanda angani na moshi ukarudi chumbani. Alizifanya koo ziwe nyembamba, kadiri ya inchi 4, akapunguza kina cha meko, na kuta za ubavuni akazielekeza nje kama mikono ya mtu amkaribishaye mgeni, ili zirudishe joto chumbani. Mpango wake ni rahisi kukumbuka: ukuta wa nyuma uwe theluthi ya upana wa mdomo, na kina kiwe sawasawa na ukuta wa nyuma. Mdomo wa inchi 30, basi, utakuwa na ukuta wa nyuma wa inchi 10 na kina cha inchi 10. Fundi atasema ni kidogo mno. Mwache aseme.

Njia ya moshi katika dohani iwe sehemu ya kumi ya mdomo. Mdomo wenye upana wa inchi 30 na kimo cha inchi 24 ni inchi 720 za mraba. Njia yake yapasa kuwa inchi 72 au zaidi kidogo, na tundu la inchi 9 kwa 9 latosha. Ndani ipakwe laini, au bora zaidi iwekwe mabomba ya udongo uliochomwa, ili masizi yasipate pa kushika. Dohani ipande juu ya paa futi 3 kutoka pale itokeapo, na tena ipite kwa futi 2 kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kuizunguka, kama kilele cha paa. Ikiwa fupi, upepo ushukao Mlimani utausukuma moshi urudi ndani, na mama wa nyumba atayafunga meko hayo kwa gunia kabla ya mwaka kwisha.

Lile bomba la bati alilotajiwa msomaji wetu nalikataa kabisa. Bati jembamba lililopakwa zinki halikutengenezwa kwa moto; zinki huyeyuka kwa digrii 420, na bati lenyewe huliwa na kutu na masizi hata likatoboka mahali pasipoonekana, yaani juu ya dari. Hapo juu ya dari ndipo penye kenchi, vumbi, na viota vya panya. Sijui mahali pabaya zaidi pa kuachia cheche.

Najua nitaulizwa habari za gharama, na ni swali la haki, kwa maana si kila mtu aweza kujenga mnara wa mawe. Kuna njia ya pili, nayo ni jiko la chuma lenye mlango, lisimamalo chumbani juu ya sakafu ya mawe. Mafundi wa kuchomelea vyuma wa Jua Kali waweza kulitengeneza, nalo hutumia kuni chache kuliko meko yaliyo wazi. Lakini sharti lake ni lile lile la umbali. Jiko lenyewe likae futi 3 mbali na ukuta wa mbao. Kama chumba ni kidogo, pigilia bati ukutani, lakini lisigusane na ukuta: liachie nafasi ya inchi 1 nyuma yake, wazi chini na juu ili hewa ipite, na hapo umbali waweza kupunguzwa hadi futi 1. Bati lililopigiliwa juu ya mbao bila nafasi si kinga. Hupata joto na kulipeleka kwenye mbao. Bomba la chuma kinene la jiko likae inchi 18 mbali na mbao, na lisipite kamwe katika dari likiwa moja. Pale dari ianzapo pawekwe bomba la tabaka mbili, lililojazwa katikati sufi ya mawe isiyoungua, na hata hilo liachiwe inchi 2 za hewa kutoka kwenye kenchi.

Na kama fedha zatosha kwa ile kazi ya siku tatu tu, shauri langu ni kununua mablanketi.

Tena haifai kusahau ruhusa. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, mtu atakaye kujenga hupaswa kupata kibali cha kaunti, na kuongeza dohani ni kujenga. Sisi makarani tupokeao michoro twajua kwamba watu wengi huleta mchoro wa nyumba bila meko, kisha huyaongeza baadaye kimyakimya kana kwamba ni banda la kuku. Mchoro uliochunguzwa na mtu mwenye ujuzi huweza kuonyesha kosa ambalo kufutwa kwake ni kazi ya kifutio tu. Kosa hilo hilo likiwa la mawe hufutwa kwa nyundo.

Meko yakiisha kujengwa vema, yaweza bado kuharibiwa na kuni. Kuni mbichi hutoa moshi mzito wenye maji, na moshi huo ukipanda katika dohani yenye baridi huganda ukawa kama lami nyeusi. Lami hiyo hushika moto. Dohani ikiwaka kwa ndani hunguruma kama lori lipandalo mlima, na joto lake laweza kupita digrii 1000. Hapo ufa mdogo kabisa hutosha kuipa nyumba moto. Basi pasueni kuni mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, mkazipange chini ya paa mahali penye upepo, ili zifike Juni zikiwa kavu. Kuni kavu hulia zikigongana, na nyufa huonekana miishoni mwake. Watu wa kwetu wana bahati ya mibuni: visiki na matawi makubwa yatolewayo wakati wa kupogoa kahawa ni kuni nzito, ziwakazo polepole na kwa usafi. Mukima ni mzuri ukikauka. Muthanduku ni bora kuliko wote, kwa yeyote aliye nao. Saipresi, kwa sababu ya utomvu wake, hurusha cheche nyingi; itumieni kuwashia tu, na mbele ya meko muweke wavu wa chuma.

Dohani ifagiwe kila mwaka kabla ya baridi, na tena katikati ya msimu ikiwa moto huwashwa kila siku. Huhitaji mtaalamu: kamba, brashi ya nyaya ya ukubwa wa njia ya moshi, na kijana asiyeogopa kupanda ngazi. Masizi yakifikia unene wa robo ya inchi, mmekwisha kuchelewa. Siku hiyo hiyo ya kufagia, mwenye nyumba na aweke kiganja chake juu ya mbao zilizo karibu na meko baada ya moto kuwaka saa tatu. Mbao iwe ya uvuguvugu tu. Ikiwa mkono hauwezi kukaa juu yake, moto usiwashwe tena mpaka ukuta umefunguliwa na kutazamwa. Na ikiwa mtu wa nyumba asema kwamba asikia harufu, asiambiwe ni ndoto.

Majivu yachukuliwe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, yapelekwe nje mbali na ukuta, wala yasitiwe katika debe la plastiki au sanduku la karatasi, kwa sababu kaa dogo lililofunikwa na majivu laweza kuwa hai siku tatu au nne. Asiwepo mtu wa kumimina mafuta ya taa juu ya moto unaofifia. Kama koo la meko lina kilango cha chuma, kisifungwe usiku wakati makaa bado mekundu, maana hapo hewa ile ya kuua niliyoitaja itarudi chumbani kama kwamba mmewasha jiko la makaa. Dirisha moja liachwe wazi kidogo. Moto usiopata hewa kutoka nje huivuta kutoka katika dohani, pamoja na moshi wake. Madukani kuna vyombo vidogo vya betri vilivyo na kengele ya kuonya watu juu ya hewa hiyo. Chombo kimoja katika njia ya vyumba vya kulala ni fedha iliyotumika vizuri.

Kwa msomaji wetu wa Kutus, basi: mrudishie fundi wako malipo ya siku ya kwanza kwa heshima, kwa sababu huenda ni fundi mwema wa kazi nyingine, na umtafute mwashi aliyewahi kujenga dohani ambayo waweza kwenda kuiona na kuigusa. Juni ya mwaka huu huenda ikapita kabla kazi haijakwisha. Isikusumbue. Mawe na udongo vikiisha kujengwa viachwe vikauke majuma manne, kisha siku ya kwanza uwashe moto wa karatasi na vijiti tu, siku ya pili uongeze kidogo, na hivyo hivyo kwa muda wa juma zima, ili maji yatoke polepole bila kupasua kitu. Ukiona moshi ukitoka katika ukuta kwa nje, mahali popote pasipo juu ya dohani, uzime moto na umwite mwashi.

Baba yangu mdogo aliyabomoa meko yake yote, akang'oa nguzo tatu, akajenga upya kwa mawe nje ya ukuta. Kipande cha ile nguzo nyeusi kipo mpaka leo juu ya rafu, karibu na saa. Mama mdogo hakubali kitupwe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye matangi ya maji.